Maneno Yale Niliyatia Mimi

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa natafsiri filamu kwenye banda la video huko Magomeni, Bagamoyo, na kwa kipaza sauti cha banda lile niliwadhalilisha majirani zangu mbele ya watoto wao. Hakuna aliyenituma. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, lakini nusu tu, ile nusu inayowalaumu Wamarekani.

Niieleze kwanza kazi yenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliipata mwaka 1994, na waliokuwa na seti nyumbani walihesabika. Sisi wengine tulikutana bandani: deki, seti moja, mabenchi, jenereta inanguruma nje. Kiingereza wengi hawakukijua, kwa hiyo akahitajika mtu wa kuwasemea watu wa kwenye kioo. Dar es Salaam kazi hiyo ilimpa Lufufu jina kubwa, nasi tukaiga. Mtafsiri hodari haishii kwenye kutafsiri. Steringi anampa jina la mtaani, adui anamzomea, na vita vya Hong Kong anavihamishia Mlingotini. Kiingilio watu walilipa kwa ajili ya vionjo hivyo.

Siku moja mtu akaleta kutoka Muscat mkanda wa Star Trek, ule mfululizo ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1987. Ndani yake mlikuwa na kipande kinachoitwa Code of Honor. Chombo cha anga cha kina steringi kinafika sayari ya Ligon II kutafuta chanjo, kwa sababu kwingineko watu wanateketea kwa maradhi. Wenyeji wa Ligon wote wanaigizwa na watu weusi, wamefungwa vilemba, na mkuu wao, Lutan, anamteka Tasha Yar, mwanamke wa Kizungu anayesimamia usalama chomboni.

Ukiifuata hadithi vizuri, Waligon si wajinga. Dawa wanayo wao, wageni ndio waombaji. Ardhi ni ya wanawake, wanaume kazi yao kuilinda na kuitawala. Lutan anapanga Yar apigane na mkewe, mke afe, mali ibaki kwake. Ni fitina ya mirathi ambayo Bagamoyo ingeielewa bila mtafsiri.

Yote hayo niliyatupa. Nilipoona watu weusi wamemzunguka Mzungu aliyetekwa, nikatangaza kwamba hawa ni Wadoe wa angani na mama wa watu anakwenda kutiwa chunguni. Kila Lutan alipofungua mdomo nilimsemea kwa lafudhi ya Kidoe, naivuta makusudi. Banda zima likaangua kicheko.

Wadoe ni wenyeji wa bara ya Bagamoyo, upande wa mto Wami. Uvumi kwamba walikula watu ni wa tangu zamani. Richard Burton, aliyeanzia Kaole safari yake ya 1857, aliuandika kitabuni. Lakini mimi sikuupata kwa Burton, niliukuta nyumbani. Mji uliopokea misafara ya wapagazi kutoka Unyamwezi ulizoea kuwapanga watu mafungu: waungwana huku pwani, washenzi kule bara. Mimi nimekua na mpangilio huo kichwani. Mkanda ulipokuja na watu weusi wasio na majina kwangu, nilikuwa na pa kuwaweka.

Kijana aliyeangalia jenereta yetu alikuwa Mdoe. Kuanzia jioni ile watoto walimwita Ligoni, na kina mama sokoni wakawa wanamuuliza kama leo amekwisha kula. Mama yake alinifuata bandani. Nikamwamkia, akaitikia, akasema:

“Mwanangu, sisi na nyinyi watani. Umenitania mara ngapi, nikakujibu? Sasa kwenye hicho chombo chako, mie najibia wapi?”

Nikacheka. Nikamwambia si utani tu mama, usiuweke moyoni, nikaahidi mwanawe ataingia bure. Mkanda nikaendelea kuuonyesha, kwa sababu watu walikuwa wanauulizia, na nakala zenye sauti yangu ziliuzwa hadi Chalinze. Kijana akaacha kazi.

Miaka ilipita nikasoma habari za mfululizo ule. Nikajua kwamba waigizaji wake wenyewe waliona aibu kwa kipande kile na kukisema vibaya hadharani. Nikajua pia kwamba katika Star Trek ya kwanza, miaka ya 1960, maadui wa Kiklingoni walikuwa waigizaji wa Kizungu waliopakwa rangi ya kahawia, wakati huohuo Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, ameketi kwenye chumba cha usukani cha chombo kama afisa kamili, Uhura, kazi ambayo Martin Luther King alimsihi asiiache. Nikapata hoja. Nikawa nawahubiria vijana jinsi Wazungu walivyotuchora, nikitoa Code of Honor kama ushahidi. Kuhusu chungu sikusema.

Ukweli ni kwamba chungu hakimo. Walioitengeneza filamu ile walikosea kuwafanya watu weusi wote kuwa sayari moja ya watekaji wanawake, na lawama hiyo ni yao. Lakini ulaji wa watu hawakuuandika, wala lafudhi. Hayo niliyatia mimi, kisha nikasimama upande wa waliotukanwa nikidai fidia.

Na utani nilioukimbilia haukuwa utani. Mtani humtania mtu aliyekaa mbele yake, anayejibu, tena pengine kwa ukali zaidi, na kesho anamzikia maiti wake. Mimi nilikuwa na kipaza sauti na yule mama hakuwa nacho. Alinieleza hivyo siku ileile, kwa maneno machache kuliko haya, nikampa kiingilio cha bure.

Mama huyo amekwisha fariki. Mwanawe nilimtafuta, sasa ni mtu mzima mwenye watoto, nikamweleza kila kitu bila kutaja utani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Kaka, nimekusamehe. Lakini ule mkanda uko wapi? Sitaki wanangu wausikie.” Nikamjibu kweli: nakala ziliuzwa nyingi, na sijui ziko kwa nani.