Baiskeli na Radhi ya Mama
Katika timu ndogo ya baiskeli ya chuo chetu mjini Nyeri, mwenye mtandio nilikuwa peke yangu. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Mimi, mtoto wa Mombasa, nilihema kama samaki mchangani kila tulipopanda kutoka Kiganjo kuelekea Nanyuki, unakopita mstari wa ikweta. Lakini lililonilemea zaidi ni kwamba Mama hakujua.

Kabla ya shindano la kwanza nilimpigia simu, nikakiri. Akanyamaza kitambo.

“Na adhuhuri, mwanangu, huwakuta wapi?”

“Naro Moru, Mama. Wenzangu hunishikia baiskeli hadi nitoe salamu.”

“Basi vaa suruali pana. Na sweta.”

Suruali pana hunaswa na mnyororo. Nikaifunga kamba vifundoni.