Daftari Kwanza, Pesa Baadaye



Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya jambo ambalo watu wananiuliza kila siku njiani, hasa kina mama wa vikundi vya akiba na vijana wa kwaya: "Mwalimu, ninyi mlipata wapi pesa za yale mabenchi?" Swali ni zuri. Lakini mara nyingi nyuma yake kuna lingine: "Tupe jina la mfadhili na sisi tumwandikie." Jina siyo siri, anayetaka aje nitampa. Ila jina peke yake halitoshi. Nimeona vikundi vinne vilivyopewa jina lile lile vikaandika barua, na barua hazikujibiwa. Kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyokwenda kwetu, kila mtu achukue kinachomfaa.

Kazi yenyewe

Wengi mnajua darasa letu la jioni. Tulianza Februari 2023, walimu watano wa kujitolea, chini ya mabati ya kanisa. Sababu ilikuwa moja. Watoto wanaotoka Kongo wamesoma kwa Kifaransa na wanaongea Kiswahili, lakini shule za hapa Uganda zinafundisha kwa Kiingereza. Sasa mvulana wa miaka 13 aliyemaliza mwaka wa nne huko kwetu anawekwa praimari ya kwanza. Anakaa na watoto wa miaka 6, magoti yake yanagusa meza, wadogo wanamcheka. Wiki ya kwanza anakuja, ya pili anakuja, ya tatu humwoni. Ukimtafuta utamkuta ziwani au anabeba matofali. Msichana naye, mnajua wenyewe, anaolewa.

Sisi tulisema, huyu mtoto siyo mjinga, ni lugha tu imemfungia mlango. Tukaanza kumfundisha Kiingereza siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi mpaka giza linapoingia, ili apimwe tena na apandishwe darasa linalomfaa. Hatukuwa na kitu. Wazazi walikubali kila familia itoe shilingi 500 kwa wiki. Familia zilikuwa 48, basi kwa wiki wote wakitoa ni shilingi 24,000. Za chaki, za rangi ya ubao, za kununua kitabu kimoja kimoja sokoni.

Mweka hazina wetu ni mama mmoja aliyekuwa anauza samaki huko nyumbani. Tangu siku ya kwanza aliandika kila shilingi kwenye daftari: nani ametoa, nani hakutoa, chaki boksi ngapi, bei gani, nani alitumwa. Risiti zote alizishona kwa uzi nyuma ya daftari. Vijana tulikuwa tunamtania: "Mama, hizi ni 500 tu, siyo benki." Yeye anajibu: "Anayepoteza mia tano atapoteza na milioni." Daftari lile ndilo lilituletea mabenchi. Nitaeleza.

Pesa ya kwanza tuliyoikataa

Mwaka 2024 tulipata habari ya shirika moja linalosaidia vikundi vya vijana. Tulikwenda, tukaongea, wakatusikiliza vizuri. Wakasema pesa ipo, na siyo kidogo, lakini mwaka huo ni ya kufundisha vijana kutengeneza sabuni na kushona nguo. Kama tungebadilisha darasa letu liwe la sabuni, tungeandikwa.

Jamani, tulikaa vikao viwili na vyote vilikuwa na moto. Ile pesa ilikuwa na posho ya walimu ndani yake. Kati yetu kuna mwenye mke na watoto watatu, na tangu 2023 hajapata hata sabuni ya kufua kutoka kwenye kazi hii. Alisema wazi: "Ninyi mnaongea habari ya moyo, mimi nyumbani wananiuliza unga." Hakuna aliyemlaumu, maana alisema kweli. Wengine wakasema tuchukue pesa, sabuni tufundishe mchana, Kiingereza tuendelee kimya kimya jioni. Hapo mweka hazina akasimama: "Nitaandika nini kwenye daftari? Niandike sabuni na huku nimenunua vitabu? Hiyo mimi siandiki. Na tukifundisha sabuni kweli, hawa watoto 61 watasoma na nani?"

Tulipiga kura. Watu tisa walikataa, wanne walikubali. Tuliandika barua ya kushukuru na tukaeleza kwamba kazi yetu ni nyingine. Walimu wawili walituacha baada ya mwezi, wakaenda kutafuta posho sehemu nyingine. Sisemi walifanya vibaya. Nasema tu kwamba kukataa pesa kuna gharama, na gharama hiyo tuliilipa.

Pesa ya pili

Miezi mitano baadaye mfadhili mwingine mdogo, anayehusika na elimu, alitangaza ruzuku ndogo kwa vikundi vya wakimbizi. Fomu ilikuwa na kurasa tatu tu na maswali yake, nikiyaweka kwa Kiswahili chetu, ni haya: Tatizo ni nini? Mnafanya nini sasa? Ni watu wangapi? Mnahitaji nini na bei yake? Ninyi wenyewe mnachangia nini? Pesa ikiisha, kazi itaendeleaje?

Tuliomba vitu hivi: mabenchi 12 kwa shilingi 60,000 kila moja, vitabu vya kusoma 40 kwa 12,000, taa za sola 3 kwa 90,000, madaftari dazeni 10 kwa 12,000, rangi ya ubao 30,000, na usafiri kutoka Mbarara 100,000. Jumla shilingi 1,720,000. Bei hatukuzikisia kichwani. Mtu alikwenda Mbarara akauliza maduka matatu, akaandika.

Kwenye sehemu ya mchango wetu hatukuacha wazi. Watu wengi wanafikiri mkimbizi hana cha kuchangia. Kumbe tuliandika jengo la kanisa bila kodi, walimu siku tatu kwa wiki bila mshahara, shilingi 500 za wazazi kwa zaidi ya mwaka, na baba mmoja seremala atakayetengeneza benchi linapovunjika. Vyote hivyo ni mali. Na tuliandika kwamba watoto 9 kati ya 61 ni wa Waganda wanaokaa jirani. Hilo lina maana, kwa sababu hapa Uganda kuna utaratibu kwamba katika miradi ya wakimbizi, sehemu ya asilimia 30 iwafae wenyeji. Mfadhili analiangalia, na ni haki, maana ardhi tunayolima ni yao.

Kisha mgeni akaja kuona. Hakuuliza maswali makubwa, alisema: "Nionyesheni daftari." Akafungua la mahudhurio, akakuta watoto walioandikwa ni 61 lakini siku ile walikuwepo 44. Sisi walimu tulitazamana. Mweka hazina akamwambia bila kutikisika: "Leo ni siku ya mgao wa chakula. Kumi na saba wamepanga foleni na mama zao. Geuza ukurasa, utaona kila siku ya mgao ni hivyo." Mgeni akageuza, akakuta ni kweli. Baadaye alituambia kwamba vikundi vingi humwonyesha daftari ambalo kila siku wapo wote, na hapo ndipo anaanza kuwa na mashaka.

Tulipewa shilingi 1,450,000. Taa walizitoa, mfuko wao haukuwa na fungu la umeme. Posho ya walimu hakuna pia. Taa moja tumeinunua wenyewe kwa zile 500, mbili bado.

Wenzetu waliotutangulia

Msidhani ni sisi tu. Kule Kyangwali, mwaka 2005, vijana wakimbizi walianzisha kikundi cha COBURWAS. Jina limetoka kwenye majina ya nchi kama Kongo, Burundi, Rwanda na Sudani, maana walikuwa wa nchi mbalimbali. Walianza kwa kulima shamba pamoja ili mavuno yalipe karo za wenzao. Baadaye wakawa na shule yao ya msingi, na wafadhili wakaja kuongeza nguvu kwenye kitu kilichokuwa kinaonekana.

Na Kampala, mwaka 2007, vijana wa Kikongo walianzisha YARID. Mwanzo wao ulikuwa mpira wa miguu, mazungumzo na masomo ya Kiingereza, kama sisi hivi. Mwaka 2021 muungano wa mashirika ya wakimbizi ambao YARID ni mmoja wao ulipata tuzo ya dola milioni 10, ili na wao wagawie mashirika mengine ya wakimbizi. Kutoka 2007 mpaka 2021 ni miaka 14. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wale waliinama muda mrefu.

Yapo na mambo makubwa ya dunia. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya pesa za misaada ya dharura ipewe mashirika ya wenyeji wa nchi zenye shida. Mwaka 2020 ulifika, ahadi haikutimia. Mwaka 2022 UNHCR ilianzisha mfuko wa ubunifu kwa mashirika yanayoongozwa na wakimbizi wenyewe. Kwa hiyo mlango umefunguka kidogo. Lakini tangu 2025 misaada imepungua sana. Wote tunakumbuka Mei 2025, WFP ilipowatoa watu kama milioni moja hapa Uganda kwenye chakula. Wanaogombea ruzuku ndogo sasa ni wengi kuliko zamani, na kikundi kisicho na karatasi zake hakisomwi hata ukurasa wa kwanza.

Mambo ya kuandaa

Kwanza, fanyeni kazi hata ndogo kabla ya kuomba. Miezi sita ya kazi ya kweli inasema zaidi kuliko kurasa ishirini za maneno.

Pili, daftari. La pesa, la mahudhurio, na la mihutasari ya vikao, watu waweke sahihi. Vikundi vya akiba, ninyi mmetutangulia. Sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Hesabu zenu ni ushahidi, msizitupe mnapogawana mwisho wa mwaka.

Tatu, andikisheni kikundi. Andaeni katiba yenu, orodha ya wanachama na mhutasari wa kikao kilichochagua viongozi. Anzeni kwa kiongozi wenu wa RWC na biro ya OPM, kisha afisa wa maendeleo ya jamii, mpaka wilayani Isingiro. Ni safari za boda na za kurudishwa kesho njoo, mjiandae. Bila cheti kile benki haiwafungulii akaunti ya kikundi, na wafadhili wengi hawaweki pesa kwenye simu ya mtu mmoja.

Nne, msinunue fomu. Kikundi kimoja cha kina mama kilitozwa shilingi 50,000 na mtu aliyejiita wakala wa wafadhili. Mama mmoja aliuza mahindi ya watoto ili atoe fungu lake. Yule mtu hajaonekana tena. Mfadhili wa kweli hauzi fomu. Ukiombwa "ada" au "chai" ili jina lenu lipite, ondoka, na ukatoe habari.

Tano, mkubaliane mapema kazi yenu ni ipi, kabla pesa haijaonekana. Ikishaonekana ni vigumu sana kuongea, macho yote yako mezani. Sisi tulikuwa tumeandika kwenye katiba yetu: kufundisha watoto waliokwama kwa sababu ya lugha. Sentensi ile ndiyo iliyotushika siku ya kura.

Wengine wataniuliza kama mabenchi 12 yalistahili taabu yote hii. Nitawapa hesabu ya daftari tu. Kati ya watoto 61, mpaka mwisho wa mwaka ule 23 walipimwa tena wakapandishwa darasa. Yule wa miaka 13 yuko praimari ya tano. Kumi na moja tumewapoteza, na majina yao bado yako kwenye daftari, hatujayafuta. Ukimjua mmoja wao, tafadhali mwambie nafasi yake ipo.

Kikundi chochote kinachotaka kuona daftari letu, katiba yetu au ile fomu ya kurasa tatu, karibuni Jumamosi saa nane kanisani. Njooni na kalamu. Mama mweka hazina amesema atakuwepo, lakini daftari halitoki nje ya mlango.

Mungu awabariki na familia zenu.

Mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la jioni