Idhini ya Mjane



Riwaya ya Tayeb Salih, Mawsim al-Hijra ila al-Shamal, ya mwaka 1966, niliisoma nikiwa kijana, nikaiona ni kisa cha msomi wa Kisudani aliyepotea Uingereza. (Si kitabu cha kumwachia mtoto, kina maneno mazito.) Juzi nimeisoma tena baada ya Isha, na kilichonishika si London, ni kile kijiji kidogo kando ya mto Nile.

Mto huo ndio unaowalisha, na ndio unaowachukua watu wao. Mustafa Said, mgeni aliyehamia pale akaoa, anatoweka wakati wa mafuriko. Mkewe, Hosna, anabaki na wana wawili miongoni mwa watu waliopakana mashamba, walioozana, wanaojuana mpaka mababu. Wad Rayyes, mzee wa kuwa babu yake, anamposa. Babake anakubali. Hosna anakataa, na anasema wazi kwamba akilazimishwa atamwua mzee huyo na kujiua. Mjini pengine angekimbilia kwa kadhi, au kwa shoga yake wa mtaa wa pili. Hapa jirani ni ami, na ami amekwisha kukaa upande wa baba. Msimulizi, aliyeachiwa ulezi wa nyumba ile, yuko kazini Khartoum.

Neno la Hosna likatimia. Maiti wawili wakazikwa upesi, bila matanga. Msimulizi anaporudi na kuuliza, kijiji kizima kinanyamaza, isipokuwa bibi mmoja mkongwe, Bint Majzoub.

Nilifunga kitabu nikakumbuka langu. Miaka mingi iliyopita niliitwa kijiji cha ndani, mbali na barabara, kufungisha nikaha ya mjane. Kaka yake aliniambia, "Ameridhia, sheikh." Wazee wameketi mkekani, harufu ya pilau imetanda, jua linakwenda. Nilijua vyema kwamba mjane haozwi mpaka atamke kwa ulimi wake. Sikutuma mashahidi wende mlangoni kwake. Niliona haya kuwakalisha wazee wale.

Mwezi haukutimia, akaja kwangu kwa miguu, mtoto mgongoni. Hakulia. Aliniuliza, "Sheikh, sauti yangu uliisikia wapi?"

Tangu siku ile huenda mwenyewe na mashahidi wawili mpaka kwenye pazia, nikangoja ajibu. Pilau hupoa, na wazee hunung'unika.