Yule Anayejaa Hewa



Hapa kwetu Kabondo, umeme ukirudi jioni, watoto wa mtaa mzima hukimbilia nyumba yenye televisheni. Sisi tunatwanga sombe uani, wao wanaangalia katuni. Paka wa Tom na Jerry akipigwa, wanacheka kidogo. Lakini akijazwa hewa mpaka akawa kama ngoma, kelele zinatikisa mabati. Kisha hewa inamtoka, fyuuu, anazunguka chumba kizima na kuanguka, mwembamba kama zamani.

Tuliwauliza kinachowafurahisha. Mmoja wa miaka sita akajibu: "Hata avimbe namna gani, haumwi." Mwingine akasema akiwa mkubwa vile hakuna wa kumpiga. Tulinyamaza, maana huyo wa pili tunajua kwao.

Mto wetu nao una wake. Samaki ambaye wataalamu humwita Tetraodon mbu anaishi humu Mto Kongo na huweza kupita nusu mita. Akiogopa hunywa maji akawa mviringo. Akitolewa nje humeza hewa. Ndugu zake wengi wana sumu, kwa hiyo si wa sufuria. Huyo havimbi kwa mchezo.

Tunaandika haya kwa sababu ya mtoto mmoja. Mama yake alipojifungua mwingine, yeye akaanza kuwa na mashavu na miguu minene. Wenzake wakamwita Tom, wakimwambia, "Toa hewa!" Mwanzoni alicheka nao, baadaye akaacha, akawa wa kukaa tu. Nasi, aibu yetu, tulimpongeza mama yake: mtoto amenona. Ni mwenzetu mmoja aliyekulia Kivu aliyembonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipoachia, shimo likabaki palepale. Akasema neno moja: bwaki.

Unene ule ulikuwa maji. Tumbo lilishiba muhogo, mwili ukabaki na njaa. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliupeleka ugonjwa huu vitabuni mwaka 1935 kwa jina la kwashiorkor. Jina lenyewe alilikuta kwa wenyeji: ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wa kule walikuwa wamekwisha kuujua.

Tulimpeleka kituo cha afya siku ileile. Uvimbe ulipoisha tuliogopa zaidi, kwani chini yake alikuwamo mtoto mwembamba ambaye hatukuwahi kumwona. Alikula ile karanga ya kusagwa ya paketi kwa majuma kadhaa, hadi siku moja tukamsikia akigombania nafasi ya mbele.

Siku hizi katuni ikianza na wote wametulia, mmoja wetu hupita kwenye mstari wa miguu, gumba juu ya kila mguu, akihesabu mpaka tatu. Wao wanadhani ni mchezo. Wanainyoosha wenyewe, macho yakiwa kwa paka.