Mama, kabla hujampa mwanao mtaji (Sehemu ya 6)



Likizo hii vijana wetu wa vyuo wamerudi nyumbani na mawazo ya biashara: mchele, asali, mitumba. Wengi wanamtaja Mzee Reginald Mengi. Ni sawa kabisa. Kitabu cha maisha yake kilitoka 2018, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ila vijana wanaangalia utajiri wa IPP, ule mwanzo wanauruka.

Mwanzo wenyewe ni huu. Kalamu zilikuwa adimu Dar es Salaam. Mzee akaagiza vipande vyake, akawa anaziunganisha nyumbani kwake. Na wakati huo tayari alikuwa mhasibu mwenye kazi. Hakuacha shule wala kazi ili aanze.

Kwa hiyo mwanao akikuomba hela, muulize mambo matatu. Kitu gani watu wa hapa hapa wanakihitaji na hawakipati? Unaweza kuanza na kidogo, hapa nyumbani? Daftari lako la hesabu liko wapi? Daftari likikosekana, asubiri kwanza.

La mwisho nalisema kama nesi. Kama una mimba, ile hela uliyoweka ya kujifungulia usiiguse, hata akikuomba kwa machozi. Ukipewa rufaa usiku kwenda Nzega, gari halingoji mchele uuzwe. Mtaji atautafuta kwenye kuku, kwenye kibarua, au kwenye kikoba chako baadaye.

Mtumie na mama mwenzio. Tukutane sehemu ya 7.