Tangi Bila Samaki

Ukitaka kufuga samaki ndani ya nyumba, samaki ndio huja mwisho. Kabla yao kuna udongo, changarawe, mimea, halafu wiki nne hadi sita za kuangalia maji tu. Wageni wanakuja, wanaangalia pia, wanakuonea huruma.

Shida ni amonia. Samaki huitoa mwilini kupitia matamvua, na hata ikiwa kidogo tu humuunguza. Ziwani kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo mimea inakula. Tangi jipya halina hao bakteria. Lazima uwasubiri waje na wazaane. Kwa hivyo unatupia maji chakula cha samaki ambao hawapo, kioze, kitoe amonia, upate cha kuwalisha. Jaribu kumweleza landilodi hiyo.

Langu alinitengenezea fundi wa vioo wa mtaani: sentimita 60 kwa 30 kwa 35, kioo cha milimita 6. Likijaa ni lita 63, yaani kilo 63 kabla hata ya kupima kioo na mawe, ndiyo maana nilichomelewa stendi ya chuma badala ya kuamini meza yangu. Chini niliweka udongo wa shambani niliouchekecha, sentimita tatu hivi, nikaufunika kwa changarawe. Mizizi inakula udongo, changarawe inazuia maji yasigeuke uji. Maji yenyewe nilijaza kwa mitungi ya lita 20, kwa zile siku mbili za wiki ambazo mfereji wetu hukumbuka kazi yake. Kila mtungi ulikaa wazi siku nzima ili klorini itoke, kwa sababu klorini haibagui bakteria wabaya na wazuri.

Mama alinitembelea wiki ya tatu.

Mama huuza samaki Homa Bay. Karo yangu ya chuo, kwa ile miaka miwili niliyokaa, ilitoka kwa omena na ngege. Niliondoka biashara ilipoanza kuzama chini ya hiyo karo, na mimi tayari nilikuwa nalipwa kidogo kidogo kwa kuandika. Tangu siku hiyo hajawahi kunilaumu, na pia hajawahi kusema ni sawa.

Alisimama mbele ya tangi bila kuweka mkoba chini.

“Baba, samaki wako wapi?”

“Bado, Mama.”

“Na haya majani umenunua?”

Hapo ndipo nilipoona vile jambo lenyewe linakaa ukiliangalia kutoka upande wake. Nyumbani, majani ya majini ni gugu maji, lile linalofunga mashua zisitoke na linalorarua nyavu. Na mimi hapa Nairobi nimetoa pesa kununua valisneria, mmea ambao unaota bure kwenye Ziwa Victoria, na anubia, ambayo hata haipandwi udongoni. Unaifunga kwa uzi kwenye jiwe kwa sababu ukizika shina lake linaoza. Alisema angeniletea gunia zima. Nikamwambia hapana, majani ya ziwani huja na konokono, na konokono wengine ndio hubeba kichocho. Hiyo alikubali haraka. Kichocho anakijua.

Kisha, kwa sauti ileile ya kuulizia samaki: “Na ile shule? Hiyo pia ni bado?”

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi, tungekunywa chai. Nikamwambia, “Hapana Mama. Shule sirudi. Hii ya samaki ndiyo bado.”

Alikaa kitandani. Bedsita haina pengine pa kukaa. Baada ya muda mrefu aliniuliza kwani maji yanangoja nini, nikatoa zile chupa za kupimia, nikamweleza amonia. Nilianza na kemia, akaniangalia tu. Nikabadilisha: nikamwambia ni kama ile harufu kali ya beseni saa kumi jioni, samaki wasipouzika. Akaelewa kuliko mimi nilivyoelewa mara ya kwanza. Akasema basi ni vizuri kungoja, kwa sababu hiyo harufu ikishaingia haitoki hata uoshe na ndimu.

Kuhusu shule hakuongeza neno. Asubuhi alipanda matatu ya Homa Bay.

Wiki ya tano matone ya nitriti, ambayo yalikuwa yanageuka zambarau kila siku, yalibaki samawati. Nikangoja siku mbili, nikapima tena. Samawati. Nilimpigia Mama kabla ya kwenda kununua. Akauliza gapi mmoja ni pesa ngapi na ana ukubwa gani. Nilipomwambia ni mdogo kuliko omena, simu ilinyamaza, nikadhani imekatika.

“Ukichukua sita,” akasema, “wanakuongezea?”