Ulanzi wa Mama

Ukitaja mvinyo hapa chuoni, mawazo yote yanakimbilia Dodoma na zabibu zake. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvinyo unatoka kwenye mwanzi, unaitwa ulanzi. Wikiendi moja ya mwezi wa tatu, boom likiwa bado na uhai, nilipanda kosta Iringa na mwenzangu wa chumbani kwenda kwao.

Tulipita Mafinga, tukashuka Makambako. Huo ni mji wa njia: malori ya Zambia yanapita, reli ya TAZARA inapita, na barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapo. Upepo wake si wa kitoto. Kutoka hapo mpaka Njombe mjini ni kama kilomita 60 za viazi, miti ya mbao na vichaka vya mianzi. Kwao ni katikati ya hapo.

Asubuhi kaka yake alinipeleka shambani. Chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, linachongwa tena asubuhi na jioni, na utomvu unadondokea kwenye mbeta, kipande cha mwanzi kilichotegwa. Hakuna hamira wala kimea, unachachuka wenyewe. Ukiwahi ni mtamu kama juisi, huo ni mtogwa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na huo usiuguse kama una tesiti kesho yake. Nasomea ualimu wa Biolojia, na uchachukaji niliukariri tangu sekondari. Siku ile ndiyo niliuonja.

Shida ya ulanzi ni kwamba haukai. Mvinyo wa zabibu unaingia chupani, unasubiri bei. Ulanzi usipouzwa mapema unaharibika, kwa hiyo jua likizama mnunuzi ndiye anapanga bei. Halafu mvua ikikata, na ulanzi umekata. Chuo kinafunguliwa mwishoni mwa mwaka, mianzi ikiwa bado haijaanza kutoa. Mama yake ana dawa: mwezi wa tano ananunua watoto wa nguruwe, mwezi wa kumi anauza. Hiyo ndiyo benki iliyomfikisha mwenzangu mwaka wa tatu.

Usiku tukiota moto nikasema, "Shikamoo zangu zote kwako mama, ulanzi wako hauna mpinzani." Akacheka: "Usinisifie sana mwanangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Kisha akamgeukia mwanawe: "Huko chuo ukiulizwa kazi ya mama yako, unasemaje?"

Kimya. Mwishowe akajibu, "Naandikaga mkulima."

"Si uongo," mama akasema. "Ila mahindi tulikula. Ada ililipwa na ulanzi."

Hakuongeza neno, akaenda kulala. Sisi tulibaki pale mpaka moto ukafa.

Muda si mrefu tunaenda BTP. Tutakabidhiwa madarasa yenye watoto wanaoandika "mkulima" kwa sababu wameshasikia mwalimu akicheka pombe za kienyeji. Mimi somo langu la uchachukaji nitalianzia kwenye mbeta.

Jumapili tuliondoka na dumu la lita tano. Mama alituonya tusikaze kifuniko, maana ulanzi unavimba njiani. Kufika Iringa wana wakatuzunguka nje ya geti, mmoja akauliza tumenunua wapi.

"Haujanunuliwa," mwenzangu akasema. "Mama yangu anauza ulanzi. Leteni vikombe."